Ziwa Halimpigii Mtu Saluti

Askari wenzangu, wa jeshi na wa polisi, mtu akisimama Walukuba wakati wa jioni na kuelekeza uso wake Masese, huona mashua za mbao zikirudi ufukoni: nyingi kwa injini, nyingine kwa makasia, na moja moja kwa tanga. Hiyo ya tanga ndiyo itutiayo tamaa. Hainywi petroli, haina kelele, na ikiwa imekwisha kutumika, bei yake haimshindi mtu aliyeweka akiba kwa miaka michache. Si ajabu basi kwamba baadhi yetu, hasa wanaokaribia kustaafu, wameanza kuulizia mashua ndogo kuukuu. Nia hiyo ni njema. Lililo baya ni namna tunavyoiendea, kwani twaenda kununua tukiwa maofisa, hali ilitupasa kwenda tukiwa makuruta.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe. Nilishuka ufukoni nikiwa ndani ya sare, viatu vimeng'arishwa, nikaoneshwa mashua iliyopakwa rangi mpya ya buluu na nyeupe. Kila nililosema, muuzaji aliitikia, "Ndiyo, afande." Nilisema mashua ni imara, akasema ni imara. Nilisema yatosha watu 6, akasema hata 8. Nilipotia mkono mfukoni kutoa fedha, mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu karibu nasi aliniita, "Mwanangu, unacho kisu?" Akanielekeza nichome ubao wa chini, pale unapokutana na mkuku. Ncha ya kisu ikazama kama katika muhogo uliochemshwa.

Nilimshukuru, kisha nikamwuliza kwa nini hakunena mapema. Alijibu, "Hukuuliza. Tena ulikuja na viatu vya kuamrisha."

Neno hilo limenikaa moyoni. Sare yetu ina heshima yake, nayo twaipenda. Lakini ufukoni huwafumba midomo wale wale ambao maneno yao yangetuokoa. Mvuvi anayetuogopa hatatuambia kwamba ubao umeoza. Na yule tutakayemlazimisha kupunguza bei kwa vitisho atapunguza, kisha atanyamaza juu ya ufa anaoujua. Mashua iliyopatikana kwa njia hiyo ni ghali kuliko zote, kwa maana bei yake hulipwa majini.

Hatari ya kununua chombo bila kuuliza si jambo geni katika ziwa hili. Mwaka 1877 wamisionari wa Kiingereza waliokuwa wakielekea Buganda walinunua jahazi huko Ukerewe kutoka kwa mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Songoro. Baina ya Songoro na Mfalme Lukonge wa Ukerewe palikuwa na ugomvi wa deni. Mwezi wa Desemba ugomvi ule ukawa vita. Songoro akauawa, na pamoja naye wakauawa Luteni Shergold Smith, aliyepata kuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, na mwenzake O'Neill. Luteni yule alijua bahari, hakulijua deni. Basi kabla ya kuuliza bei, tuulize kwanza: chombo hiki ni cha nani, nani anamdai mwenyewe, na je, mwenyekiti wa ufuko yuko tayari kushuhudia mauzo kwa maandishi?

Baada ya hayo ndipo tukague, kama tunavyokagua silaha, kwa mkono wala si kwa macho tu. Rangi mpya juu ya mashua ya zamani ni sababu ya kushuku. Tuchome mbao zote za chini kwa ncha ya kisu, hasa penye mkuku na penye miguu ya mataruma, mahali ambapo maji hutuama. Tutazame alama za kutu kuzunguka misumari. Tusimame nyuma ya mashua na kuangalia kama mkuku umenyooka. Tanga tuliinue juani, nalo litajieleza lenyewe kwa matundu yake. Kisha mashua ilazwe majini usiku mmoja. Ubao mkavu huvuja mwanzoni mpaka uvimbe, kwa hiyo uvujaji wa saa ya kwanza si hoja. Hoja ni maji yatakayokutwa ndani asubuhi ya siku ya pili. Na katika fedha tulizo nazo, theluthi moja isiguswe siku ya kununua. Hiyo ni ya kalafati, kamba, tanga na majaketi ya kuokoa maisha.

Sheria nayo isisahauliwe na sisi tulioapa kuilinda. Sheria ya usafiri wa majini iliyotungwa Uganda mwaka 2021 inataka vyombo viandikishwe na kupewa leseni. Kanuni za uvuvi, ambazo jeshi lilianza kuzisimamia mwaka 2017, zilitaka mashua ya kuvulia katika Ziwa Viktoria isipungue futi 28. Anayenunua mashua ya futi 15 kwa matumaini ya kuvua samaki ajue mapema kwamba wenzake ndio watakaomkamata.

Na kama yuko anayedhani kwamba haya ni maneno ya makaratasi, na akumbuke tarehe 24 Novemba 2018. Siku hiyo chombo cha starehe MV Templar kilizama upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi, hakikuwa na leseni, na kabla ya safari ile kilikuwa kimewekwa kando kwa ubovu. Walioopoa miili ni wenzetu wa jeshi na wa polisi. Aliyewahi kumbeba mfu kutoka majini hawezi kuiita leseni usumbufu.

Yabaki maji yenyewe. Asubuhi upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Alasiri hugeuka ukavuma kutoka ziwani. Upepo wa asubuhi humpeleka mwanafunzi mbali bila taabu, kisha humwacha huko. Kwa hiyo asiyejua kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku, asiende mbali kuliko anavyoweza kurudi kwa kasia. Hapa Jinja lipo jambo jingine. Ziwa hutokea hapa kwenda kuwa Mto Naili. Bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 lilifunika maporomoko ya Ripon, lakini halikuuondoa mkondo. Mwanafunzi asijifunzie penye mdomo wa mto. Na kabla ya yote, ajue kuogelea. Wengi wetu tumezaliwa mbali na maji, wengine chini ya Mlima Masaba huko Mbale, na hakuna aibu kwa koplo wala kwa meja kufundishwa kuogelea na kijana wa Masese.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuliinama siku ya kwanza tulipoingia chuo cha mafunzo. Tulinyolewa, tukafundishwa hata namna ya kusimama, na baadaye tukawa askari. Ziwa ni chuo kingine, na wakufunzi wake ni wazee wanaoshona nyavu. Basi anayetaka mashua na aache sare nyumbani, avue viatu, amwamkie mzee kwa "Shikamoo," akae chini karibu na wavu wake na kumwuliza. Atapewa ukweli bure, kabla ya kulipa hata shilingi moja.