Shukrani za Mgonjwa Zisituhadae

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Jirani yangu mmoja hapa Garissa hakuyaficha maradhi yake. Alipoambiwa kuwa ana saratani ya tezi dume, aliuza ngamia wake, akasafiri kilomita zipatazo 370 hadi Nairobi, akapasuliwa na kurejea salama. Alichokificha ni yale yaliyofuata.

Niliyatambua pale alipoacha kuonekana msikitini. Baada ya kumdadisi sana ndipo aliponinong'oneza: "Mwalimu, mkojo hunitoka bila hiari. Nitasimamaje katika safu ya swala?" Hospitalini alikuwa ameulizwa iwapo ameridhika na matibabu, naye akajibu, "Alhamdulillahi." Ikaandikwa kwamba ameridhika.

Ndugu msomaji, hapo hapakuwa na mwongo. Kwetu sisi, kumlalamikia aliyekuokoa ni utovu wa adabu. Hata hivyo, kumshukuru tabibu ni jambo moja na kuishi vyema baada ya matibabu ni jingine. Upasuaji waweza kumwachia mtu udhaifu wa kuzuia mkojo na upungufu wa nguvu za kiume. Mionzi yaweza kuyasumbua matumbo. Dawa za kupunguza homoni nazo huleta uchovu na joto la ghafla mwilini.

Nchini Uingereza, wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema kuwa na saratani hiyo waligawanywa katika makundi matatu: la upasuaji, la mionzi na la uangalizi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba baada ya miaka 15, takriban watu 3 katika kila 100 ndio waliouawa na maradhi hayo, na makundi hayakutofautiana sana. Kilichotofautiana ni namna walivyoishi. Hilo lilijulikana kwa sababu waliulizwa waziwazi, tena mara kwa mara, kuhusu mkojo, choo na unyumba.

Wengi wetu huenda hospitali tukiwa tumechelewa, na hatuna nafasi kubwa ya kuchagua tiba. Lakini kuulizwa hakuhitaji mitambo. Garissa sasa ina kituo cha saratani cha kanda, na mgonjwa aweza kufuatiliwa karibu na nyumbani. Basi na aulizwe faraghani, kwa Kisomali ikiwa ndiyo lugha yake, na muuguzi mwanamume. Na afunzwe mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ambayo huwasaidia wengi kuuzuia mkojo.

Sisi walimu nasi tuna wajibu. Mwanafunzi anayefundishwa jina na kazi ya tezi hiyo bila kicheko darasani ndiye atakayeweza kesho kumuuliza babu yake hali bila haya.

Jirani yangu hatimaye alimwendea sheikh, akaelezwa kwamba mwenye udhuru wa aina hiyo hujisafisha, hutawadha wakati wa swala unapoingia, kisha huswali. Jawabu hilo lilichukua dakika chache. Yeye alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili.