Mtumbwi wa Lengola uko Tervuren, mtoto wa Lengola anabaki mlangoni

Ndugu wasikilizaji wa Mangobo, na ninyi wazazi muliokimbia Lubunga, munisikilize kidogo.

Wiki hii picha zimezunguka kwa simu nyingi za mtaa wetu. Kijana wa hapa kwetu, aliyekwenda Ubelgiji kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, amesimama na darasa lake ndani ya jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles. Watu wakaandika: ana bahati, anakula maisha. Mimi nilimpigia simu. Kumbe siku ile haikuwa ya starehe. Mwalimu aligawa maswali mbele ya kupanda basi, na kesho yake kila mmoja alitoa ripoti iliyohesabiwa katika pointi zake. Darasa lote lilikwenda.

Na waliangalia nini? Mule ndani kuna mtumbwi wa mita 22.5, uliochongwa katika mti mmoja. Ni kazi ya Walengola, watu wa hapa hapa Tshopo. Mfalme Leopold III alisafirishwa ndani yake alipotembelea Kongo mwaka 1957. Wenzake wakamuuliza kijana wetu awaeleze. Akanyamaza. Alizaliwa Mangobo na hakuwa na neno la kusema.

Haya hiyo ni yetu, si yake. Kwetu matembezi ya shule ni jambo la mwisho wa mwaka: tisheti, muziki, soda, na kikaratasi cha malipo. Asiye na pesa anabaki. Mwaka jana niliona gari likiondoka mbele ya shule moja ya mtaa huu, na watoto wamesimama mlangoni na unifomu safi. Nilipouliza, wengi wao walikuwa wa familia zilizohama tangu 2023 juu ya ule ugomvi wa udongo kati ya Mbole na Lengola. Wamepoteza nyumba ng'ambo ya mto, na huku tunawadai franka ili waende kuangalia maji!

Serkali ilisema tangu 2019 kwamba masomo ya msingi ni bure. Basi kama matembezi ni somo, yasilipishwe. Kama si somo, yasifanywe saa za masomo.

Najua mutasema: watu wanalala chini, na wewe unaongea matembezi? Mama mmoja aliyehama alinitupia neno hilo, na hasira yake ninaielewa. Lakini mvulana wake alikuwa amekaa pembeni. Akaanza kunieleza, bila kitabu, namna babu yake anavyochagua mti wa mtumbwi na anavyouchonga usipasuke. Mama mwenyewe akabaki anamsikiliza. Darasani hakuna aliyemuuliza hata siku moja.

Hatuhitaji viza. Maporomoko ya Wagenia yako hapa mjini, kutoka Mangobo ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Wavuvi wamesimamisha miti mikubwa katikati ya maji makali, wameifunga kwa kamba za msituni na kutundika vikapu vyao. Mwalimu wa fizikia anatafuta nini zaidi? Yangambi, karibu kilometa 100 kwa mto, ni safari ya gharama, sikatai. Ile tuwaachie wa sekondari kwanza.

Madirekta wa Mangobo, ninawaomba mbele ya mwaka kwisha: darasa zima, kwa miguu, bila kikaratasi cha pesa, mtoto wa Mbole na wa Lengola katika mstari mmoja, na maswali ya kuandika kwa kila mmoja. Wazazi, mukiletewa kikaratasi cha malipo, muulize kwanza ni cha somo gani. Na shule itakayokwenda iniite. Nitatembea nao na kinasa sauti changu, na yule mvulana wa mtumbwi nitamwomba aongee wa kwanza.