Msiniite Mwoga

Wanafunzi wenzangu, mvua ikipiga mabati ya darasa letu mimi huacha kuandika. Mikono hutetemeka. Wengine hucheka, ati "huyu anaogopa maji!" Mimi nimetoka Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 Bwawa la Patel lilipasuka, watu zaidi ya 40 wakafa. Nilikuwa mdogo, lakini ile ngurumo naisikia hadi leo.

Kwa maoni yangu hili ni jeraha, ila halifungwi bendeji. Shangazi yangu hapa Section 58 hanikemei. Huwasha taa tu, tukaongea mpaka mvua ipungue. Walimu wetu wapendwa, kuniambia nisahau hakujanisaidia. Niruhusuni nikae karibu na mlango. Na anayetaka kujua, aniulize. Nitamweleza.