Kazi ya mtandaoni bado haina njia mpakani

Mfanyabiashara mdogo anayevuka Namanga na shehena isiyozidi dola 2,000 anaijua njia yake. Bidhaa ikiwa imezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na imo kwenye orodha, hupewa cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani, na ushuru wa forodha haulipi.

Siku hizi wapo wanaovuka na mzigo wa pili. Wakisubiri mali gesti, hufungua kompyuta na kutafsiri nyaraka au kuandaa hesabu za wateja, wakilipwa kwa kila kazi. Mzigo huo hauna cheti rahisi.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inaruhusu huduma na wafanyakazi kuvuka. Lakini kanuni zake za ajira zinamtazama mwenye mkataba na mwajiri wa nchi aliyokwenda. Kibali cha daraja N, ambacho Kenya ilikitangaza mwaka 2024 kwa wanaofanya kazi kwa mbali, kinataka kipato kitoke nje ya Kenya. Mtanzania mwenye mteja wa Nairobi hakimfai.

Mpaka Jumuiya iweke utaratibu kwa huduma ndogo kama ilivyofanya kwa bidhaa ndogo, mzigo wa tahadhari ni wako. Pasi ya mgeni si kibali cha kazi: uliza uhamiaji kabla ya kupokea mteja wa nchi uliyomo. Tunza mikataba na stakabadhi. Hesabu siku pia. Kenya, Uganda na Tanzania, ukifikisha siku 183 katika mwaka wa mapato, unahesabiwa mkaazi kwa kodi.