"Goti halipasuliwi"? Nani kasema!

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, ni testi mfululizo na asainimenti za saikolojia ya elimu. Leo sina picha wala udaku wa hosteli. Nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi kwenye foleni ya chai kantini, jamaa mmoja wa kozi yetu kabisa, mwalimu mtarajiwa, alikuwa anamshauri mwenzake ambaye mdogo wake kaanguka na bodaboda huko kwetu Mtera. Goti limevunjika, hospitali wamesema apasuliwe. Jamaa kwa kujiamini kabisa: "Goti halipasuliwi bwana, mrudisheni nyumbani, kuna mzee anaunga." Foleni nzima ikaitikia ndiyo ndiyo. Nilibisha pale pale ila chai ilikuwa inapoa, kwa hiyo namalizia hapa.

Hao wazee wanaounga mifupa siwatukani. Mkono uliopata ufa tu, ukifungwa vijiti ukatulia, utaunga, maana mfupa hai huunga wenyewe. Sifa zao zinatoka hapo. Mtu ameona mkono wa shangazi umepona, anadhani na goti ni hivyo hivyo. Jamani, swali la goti si "limeunga?" Swali ni "linakunja?"

Pale kwenye goti inakutana ncha ya chini ya mfupa wa paja na kichwa cha muundi, na mbele yake kuna kile kifupa kinachoitwa kilegesambwa. Zinapogusana zimefunikwa gegedu laini, linateleza. Sasa ukirushwa na pikipiki ukatua vibaya, paja linashuka kama nyundo juu ya muundi, uso wa juu unabonyea au unapasuka vipande. Ukiviacha vitaunga, sikatai, lakini vitaunga vikiwa na ngazi. Kila hatua gegedu linasagwa kwenye hiyo ngazi, na kijana wa miaka 25 anatembea na goti la babu yake. Daktari anachofanya ni kukinyanyua kile kilichobonyea, kujaza chini yake (wakati mwingine kwa mfupa uliochukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe), kisha anashikilia kwa bamba la chuma na skrubu. Kilegesambwa kikikatika vipande viwili vikaachana, mara nyingi kinafungwa kwa vipini viwili na waya uliozungushwa kama namba nane. Waya! Na ukikunja goti, waya ule ule ndio unazidi kuvibana vipande pamoja. Chuma kinawekwa ili mgonjwa aanze kukunja mapema. Ukilifunga goti hilo kwa vijiti wiki nane bila kulikunja, linakakamaa.

Sisemi kila goti likavunjika ni kisu. Ufa ambao haujaachana, mgonjwa anawekewa P.O.P na kufuatiliwa kwa picha. Na upasuaji una hatari zake, kidonda kinaweza kutunga usaha. Ndiyo maana goti likivimba sana madaktari wanasubiri uvimbe ushuke, pengine wanafunga vyuma vya nje kwanza. Hapo ndipo ndugu wanapoharibu. Wanaona mgonjwa amelala wiki nzima "hafanyiwi kitu", wanasema hospitali wameshindwa, wanamtoa kwenda kwa mzee. Zikipita kama wiki tatu mfupa umeshaanza kushika vibaya, na akirudishwa kazi ni ngumu mara mbili.

Halafu kuna ule uvumi kwamba ukienda hospitali na goti unatoka bila mguu. Fikirini kidogo. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mguu wote chini. Ukiumia, mguu ukawa wa baridi na ganzi, mna saa chache tu, si siku. Mwingine mshipa wake ni mzima, ila amefungwa vijiti kwa kukazwa mpaka damu haipiti. Mguu unaofika umeshakufa utakatwa, daktari afanye nini? Kisha aliyeukata ndiye anayelaumiwa kijijini.

Nyie wa mjini pengine mtaishi na goti gumu, mtakaa kwenye viti. Mtera ni bwawa, ni mitumbwi na nyavu. Mvuvi anapiga magoti, anasukuma mtumbwi, anachuchumaa chooni. Barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapita pale pale bwawani, lami safi, bodaboda zinaruka. Umeme wa megawati 80 tunaupeleka gridi ya taifa, magoti yetu tuyapeleke kwa mzee?

Kama tatizo ni hela, semeni hela, hapo nitawaelewa. Sisi wa chuo kwa miaka mingi tumekatiwa bima ya NHIF kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, dereva wa bodaboda wa rika letu mara nyingi hana kitu, na asiye na bima hata chuma ananunua mwenyewe. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023; kelele za kantini zielekezwe huko, imfikie huyo dereva. Inawezekana. Shirika la SIGN la Richland kule Marekani, lililoanzishwa 1999, linagawa bure vyuma vya kuingizwa ndani ya mfupa, na paja lililovunjika karibu na goti vinaweza kupitishwa gotini. MOI pale Muhimbili wanavitumia. Zamani kesi ngumu za mifupa ilikuwa lazima Dar. Leo Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo hapa hapa Dodoma tangu 2015, jirani na UDOM, na wanabadilisha hadi goti zima. Kutoka Mtera ni zaidi kidogo ya kilomita mia.

Kwa mwenye mgonjwa: muulize daktari kama vipande vimeachana, anapasuliwa lini, na ataanza kukunja lini. PF3 itunzeni. Akirudi nyumbani mazoezi yatamuuma na mama atataka kumwonea huruma. Msimwekee mto chini ya goti. Anaona raha, lakini goti likizoea kulala limepinda halinyooki tena.

Haya, naenda kudesa, kesho saa mbili kuna testi nyingine.