Msiite Maboresho

Nimechoka na neno "maboresho". Mkahawa wa nyama choma nilioupenda kuliko yote hapa Seoul, eneo la Mapo, umelibandika mlangoni, na karibu kila nilichokuwa nakifuata pale kimeondolewa.

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili tulikuwa tunaenda kila mwisho wa mwezi, mimi na wenzangu wa idara. Katikati ya meza palikuwa na shimo, ndani yake mkaa, juu yake wavu. Nyama ya tumbo la nguruwe ililetwa mbichi. Kwa desturi mdogo kwa umri ndiye hushika koleo, na mdogo nilikuwa mimi: nageuza, nakata kwa mkasi, nawagawia wakubwa. Pembeni vilijaa visahani ambavyo Wakorea huviita banchani: kimchi, soya iliyochipua, figili ya siki. Kikiisha kimoja tulimwita mhudumu "imo", yaani mama mdogo, naye alikuja kukijaza bila kuandika chochote. Kikorea changu cha kwanza cha kueleweka nilikisema kwake.

Juzi nimerudi baada ya miezi minane ya utafiti nyumbani Tanzania. Sasa nyama inaivishwa jikoni na kuletwa kwenye sahani ya chuma. Mezani kuna skrini ya kuagizia. Kimchi ya pili ni won 2,000. Baada ya dakika 90 unatakiwa upishe wengine.

Wanaotetea husema mishahara imepanda, wafanyakazi hawapatikani, mboga ghali. Nakubali yote. Basi pandisheni bei ya nyama. Nitakuja mara chache, lakini nitalipa. Ninachopinga ni kumwondolea mteja koleo, mkaa na mtu wa kumwita, kisha kumtoza zaidi kwa kile kilichobaki.

Tangu 2013 mikahawa ya Korea Kusini inatakiwa kuonyesha bei ya nyama kwa gramu 100, ili mteja asipunjwe. Vizuri. Mwaka huohuo UNESCO iliiweka kimjang, desturi ya kutengeneza kimchi kwa pamoja na kugawana, kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Someni tena: kugawana. Gramu zina mlinzi, ila ukarimu umeachwa mikononi mwa mwenye duka, naye ameutafutia bei. Jaribu kuuza ndimu na pilipili kwenye banda la kitimoto pale Sinza uone utakavyojibiwa.

Nitaambiwa mgeni hana neno katika mambo ya wenyeji. Lakini meza ile ndiyo iliyonipunguzia ugeni. Darasani nilikuwa yule Mwafrika wa nyuma. Pale nilikuwa mdogo wao mwenye koleo, anayesubiriwa asiunguze nyama. Mwanafunzi atakayefika mwezi wa tatu ataketi mbele ya skrini yenye lugha nne, ataagiza bila kufungua mdomo, atashiba, ataondoka kama alivyokuja.

Mikahawa ya zamani bado ipo. Kabla hujavua koti, uliza mambo mawili: nani anachoma, na kimchi ikiisha inakuwaje. Wakikuonyesha skrini, aga kwa heshima, tafuta moshi mtaa wa pili.