Fundi Aanze na Kipimo

Wakulima, mara nyingi mtu hununua pampu, akaiweka juu ya ukingo wa mto, na maji yasipande. Fundi huja, akabadilisha vali, akalipwa, na maji bado hayapandi. Pampu si mbovu. Imewekwa juu mno.

Pampu hupunguza hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yapande. Nguvu yake ina mpaka. Kando ya bahari haifiki mita 11, na katika kazi ni kama mita 7 tu. Milimani kama Kinangop hewa ni nyepesi, kwa hiyo kimo hupungua tena. Dawa ni kuiteremsha pampu karibu na maji, isukume kutoka huko.

Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianza miaka ya 1960, na leo viko chini ya kaunti. Wako wanaosema kwamba kijana aliyeshindwa na hesabu afundishwe kazi ya mikono peke yake. Sisi hatukubali. Tangu mwaka wa kwanza, spana na hesabu ziende pamoja. Mwanafunzi apewe kamba, ateremke mtoni apime. Hesabu ataielewa huko, maana ataiona faida yake.

Basi mzazi, kabla ya kulipa karo ya mwanao, mvulana au msichana, kiulize chuo: wanafunzi wapya hupima nini? Wasipopima chochote, tafuta chuo kingine.